JINA LAKO MWENYEWE: SOMO JUU YA URAFIKI NA UCHUMBA

Somo kwa vijana, na kwa wazazi wao

Soma kwanza: Ruthu sura ya 1 mpaka ya 4, 1 Samweli 23:16-18, 1 Wafalme 13:11-24, Wimbo Ulio Bora 1:6 na 8:12.

UTANGULIZI



Mara nyingi tumewafundisha vijana wajihadhari na marafiki wabaya: walevi, wezi, wapenda anasa. Mafundisho hayo ni mema na tutaendelea nayo. Lakini leo tunataka kusema juu ya rafiki mwema. Je, rafiki mwema, anayesali, anayekupenda kwa kweli, anaweza kukufanya usijijue wewe ni nani? Na siku mchumba anapokuja mlangoni kwenu, ni nani atakayemjibu: ni wewe, au ni rafiki yako?

Swali hili si la mchezo. Sisi mashemasi tunapowapokea vijana wanaotaka kutangaza ndoa, tunawauliza maneno machache tu: Unampenda huyu? Umeamua mwenyewe? Unataka nini katika nyumba yako? Tunaona wengine, kabla ya kujibu, wanageuza macho kumtafuta rafiki aliyewasindikiza. Hawana ubaya. Wamezoea tu kuwa wawili, na mdomo wa kujibia uko kwa mwenzao.

1. URAFIKI WETU UMETOKA MBALI

Kwanza tuelewane, ili mtu asiseme kwamba kanisa linapinga urafiki. Wazee wetu waliuheshimu urafiki kuliko watu wa leo. Wanaosema Kinyarwanda wanajua neno kunywana: watu wawili wa koo mbalimbali walichanjana, kila mmoja akaonja damu ya mwenzake, wakawa ndugu. Kule Buganda walikuwa na desturi inayofanana nayo, nao walitumia buni ya kahawa iliyopakwa damu. Watu wa pwani pia walichanjiana. Sisi tulio na damu ya Yesu hatuna haja ya desturi ile tena. Lakini tutazame jambo moja ndani yake: watu wale wawili, hata baada ya kunywana, kila mmoja alirudi kwenye mji wake, kwenye jiko lake na watoto wake. Urafiki ulikuwa daraja kati ya nyumba mbili. Haukuzifanya nyumba mbili kuwa moja.

Pili, hapa kwetu urafiki umebeba mzigo mzito kuliko mahali pengine. Vita vimepita hapa mwaka 2008, mwaka 2012, tena mwaka 2022. Kijana mwenye miaka 20 leo amekimbia mara ngapi? Wengi wa Rutshuru walilala chini ya mahema Kanyaruchinya, Bulengo na penginepo pembeni ya Goma, mpaka kambi zile zilipovunjwa mwezi wa Februari 2025. Katika kukimbia huko, msichana alipotezana na mama yake, na aliyemshika mkono ni msichana mwenzake. Walijifunika kikwembe kimoja. Waligawana kikombe kimoja cha uji. Rafiki wa namna hiyo amekuwa mama, dada na daktari. Basi mtu asije akamwambia binti huyo kwa wepesi, "Achana na rafiki yako sasa, umekua." Hajui anachosema.

Tunasema haya ili mjue kwamba somo la leo linawahusu watu wanaopendana kweli. Ndiyo sababu ni somo gumu.

2. RUTHU: MTU ALIYEITWA KWA JINA LA MWENZAKE

Katika Biblia yuko mwanamke aliyepita njia hii yote, naye ni Ruthu. Njaa iliwafukuza watu wa nyumba ya Elimeleki kutoka Bethlehemu mpaka nchi ya Moabu. Huko wanaume wote watatu wakafa: Elimeleki, na wanawe Maloni na Kilioni. Wakabaki wajane watatu. Naomi aliposhika njia ya kurudi kwao, Orpa aliaga, lakini Ruthu alikataa kumwacha. Akaapa kwamba watu wa Naomi watakuwa watu wake, na Mungu wa Naomi atakuwa Mungu wake, na kaburi lake litakuwa karibu na la Naomi.

Biblia yetu ya Kiswahili inasema Ruthu aliambatana na Naomi. Neno hilo hilo, kuambatana, limetumika katika Mwanzo 2:24 kwa mume na mke wake. Basi upendo wa Ruthu haukuwa mdogo, na Mungu hakuukemea. Aliubariki.

Lakini tusome polepole. Walipofika Bethlehemu, wanawake wa mji walimsalimu nani? Walimsalimu Naomi peke yake. Naye Naomi akawaambia wasimwite tena Naomi, wamwite Mara, maana moyo wake umejaa uchungu; akasema aliondoka amejaa na Bwana amemrudisha mtupu. Mtupu! Na Ruthu amesimama pale pale kando yake, miguu imevimba kwa safari. Uchungu ulimfunga Naomi macho asimwone aliye ubavuni pake.

Ndugu msomaji, hii ni hatari ya kwanza ya urafiki uliozaliwa katika mateso. Unaweza kutembea na mtu siku zote, ukala naye, ukalia naye, na bado asikuone. Anaona maumivu yake ndani yako. Tena Naomi mwenyewe alikuwa amelikataa jina lake. Mtu aliyepoteza jina lake atakupaje wewe lako?

Sasa twende shambani. Ruthu ndiye aliyesema kwanza kwamba anataka kwenda kuokota masuke nyuma ya wavunaji. Boazi, mwenye shamba, akamwona, akamwuliza msimamizi wake: msichana huyu ni wa nani? Hakuuliza jina lake. Aliuliza ni mali ya nani, ni wa ukoo gani. Na msimamizi alijibuje? Alisema ni yule Mmoabi aliyerudi pamoja na Naomi. Basi, hiyo ndiyo habari yake yote. Hana jina. Ni mgeni aliyekuja na fulani.

Je, hayo hayatokei hapa? "Yule binti ni nani?" "Si yule anayetembea na fulani." Wawili wanashona kitambaa kimoja siku ya sikukuu. Wanakaa benchi moja katika kwaya. Katika likelemba mmoja anachukua pesa kwa ajili ya wote wawili. Ukimwuliza mmoja kama amekula, mwingine anajibu, "Tumekula." Watu wanacheka, wanawaita chanda na pete. Ni jambo zuri, lakini miaka inapita, na mmoja wao hajawahi kuchagua hata rangi ya kikwembe chake.

Wavulana nao wasicheke. Tazameni chukudu inayoshuka kutoka Kibumba kwenda Goma na magunia ya viazi. Mara nyingi wanakuwa wawili, na kwenye mlima yule wa nyuma anasukuma kwa nguvu zake zote. Hiyo ni kazi ya urafiki, na Mungu aibariki. Lakini usukani unashikwa na mtu mmoja. Wakiushika wote wawili kwenye mteremko, chukudu inaingia mtaroni pamoja na mzigo. Wako wavulana ambao kila neno la maisha yao, kazi, masomo, msichana wa kuoa, linaamuliwa na rafiki, nao wanasukuma tu kutoka nyuma.

3. UPENDO UNAULIZA JINA

Sasa tufike sura ya tatu. Usiku ule kwenye kiwanja cha kupuria shayiri, Boazi anashtuka, anaona mtu miguuni pake. Swali lake la usiku ule limebadilika. Shambani aliuliza msichana ni wa nani. Sasa anamwuliza yeye mwenyewe: wewe ni nani?

Na hapo, kwa mara ya kwanza katika kitabu chote, Ruthu analitaja jina lake kwa kinywa chake. Anasema yeye ni Ruthu. Hasemi ni mkwe wa Naomi, wala hasemi ni yule mgeni Mmoabi. Tena tazama jambo hili: Naomi alikuwa amemwelekeza kwamba akifika, Boazi ndiye atakayemwambia la kufanya. Lakini Ruthu hakungoja. Alimwambia Boazi mwenyewe anachotaka: aitandaze nguo yake juu yake, maana yeye ni jamaa aliye karibu. Alikuwa mtiifu kwa Naomi mpaka mlangoni, kisha neno la mwisho alilisema mwenyewe.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Watu wengi husema, "Nilipompata mchumba, ndipo nikawa mtu." Si hivyo. Uchumba haukuumbi. Mungu alikwisha kukuumba tumboni mwa mama yako. Uchumba unakuuliza tu swali ambalo hakuna aliyekuuliza tangu zamani: wewe ni nani, na unataka nini? Rafiki yako hawezi kukuuliza, kwa sababu anadhani anajua tayari. Anayekupenda akitoka mbali hajui, kwa hiyo anauliza. Na wewe, ili ujibu, unalazimika kujitafuta. Ndiyo maana kijana mwenye uchumba mpya huonekana kama amebadilika. Wakati mwingine hakubadilika: ameanza kujibu.

Katika Wimbo Ulio Bora yuko msichana anayesema kwamba ndugu zake walimweka kulinda mashamba ya mizabibu, na shamba lake mwenyewe hakulilinda. Mkulima yeyote wa hapa anamwelewa. Ukilima kwa watu kila siku ya msimu, wakati wa kuvuna utaona maharage ya wengine yamejaa na lako ni majani. Kitabu kinapoelekea mwisho, baada ya kupenda na kupendwa, anasema shamba lake liko mbele yake, ni lake. Hakusema sasa ni shamba la mpenzi wake. Upendo ulimrudisha kwenye shamba lake mwenyewe.

4. "NIMEOTA NDOTO JUU YA MCHUMBA WAKO"

Sisi ni kanisa la unabii. Tunaamini kwamba Mungu anasema leo kwa ndoto, kwa maono na kwa kinywa cha watumishi wake. Kwa sababu hiyo inatupasa kusema wazi juu ya jambo linaloumiza vijana wengi.

Msichana anamweleza rafiki yake kwamba amepata mchumba. Baada ya siku tatu rafiki anarudi na uso wa huzuni: "Nimekuota. Nilimwona yule kijana amevaa nguo nyeusi. Mungu hamtaki." Msichana analia, anamkataa kijana, na hakuna aliyepima neno lile. Labda ndoto ilitoka kwa Mungu. Labda ilitoka katika hofu ya kuachwa. Rafiki yule si lazima awe mwongo. Mtu anayeogopa huota hofu yake, naye akiamka anadhani ameambiwa.

Someni 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu kutoka Yuda alipewa agizo na Bwana mwenyewe: asile wala asinywe mahali pale. Nabii mzee akaja kwake akasema kwamba malaika amemwambia vingine. Yule mtu wa Mungu akaacha alichoambiwa yeye, akafuata alichoambiwa mwenzake, akageuka naye. Njiani simba akamwua. Aliyemdanganya alikuwa nabii, tena alimkaribisha mezani kwa ukarimu, na baadaye alimlilia kaburini. Basi mapenzi ya mtu kwako si ushahidi kwamba neno lake limetoka kwa Mungu.

Mtume Paulo anafundisha kwamba manabii waseme na wengine wapime (1 Wakorintho 14:29), tena kwamba tusidharau unabii, ila tujaribu mambo yote na kushika lililo jema (1 Wathesalonike 5:20-21). Kwa hiyo:

Moja, ndoto juu ya ndoa ya mtu iletwe mbele ya wazee wa kanisa. Isinong'onezwe usiku kitandani.

Mbili, mwenye kuota asiwe ndiye mwenye kupima, hasa kama ndoa hiyo inamgusa.

Tatu, kijana mwenyewe afunge na kusali. Mungu aliyesema na rafiki yako anajua pia njia ya kufika kwako.

Nne, mambo yanayoonekana yachunguzwe kwa macho: je, kijana yule ana mke mahali pengine? Analewa? Anafanya kazi gani? Familia yake inajulikana? Hapo mara nyingi rafiki anasaidia kuliko mtu yeyote, maana amesikia tusiyoyasikia sisi wazee. Rafiki akija na habari, tumsikilize sana. Akija na hofu, tumfariji.

5. USITOKE KATIKA KIVULI KIMOJA NA KUINGIA KATIKA KINGINE

Yuko msichana anayesema, "Nimechoka kuwa mkia wa rafiki yangu, naolewa sasa." Huyo tumwonee huruma na tumzuie kidogo. Kama hujui kusema hapana kwa rafiki, utaijulia wapi kwa mume? Utatoka mkia wa mmoja na kuwa mkia wa mwingine, na huyu wa pili hutamwacha kwa urahisi.

Mpime mchumba kwa kipimo cha Boazi. Kwanza, Boazi alikuwa amesikia mambo aliyoyafanya Ruthu mwenyewe, akayataja mbele yake. Alimwona yeye. Je, mchumba wako anajua umefanya nini, umepita wapi, au anajua sura yako tu?

Pili, asubuhi Boazi alimpa vipimo sita vya shayiri, akamwambia asiende mikono mitupu kwa mkwewe. Kumbuka, Naomi alikuwa amesema amerudi mtupu. Mwanamume anayempenda Ruthu ndiye aliyejali utupu wa Naomi. Hiki ni kipimo kikubwa. Kijana anayekuambia, "Nikikuoa sitaki tena kumwona rafiki yako, wala dada zako, wala watu wa kwenu," huyo hatafuti mke, anatafuta mtu asiye na shahidi. Kimbia.

Tatu, Boazi hakumaliza jambo gizani. Alimrudisha Ruthu bila kumharibia jina, kisha mchana akaketi langoni na wazee kumi, mambo yakasemwa mbele ya watu. Vijana, msiseme, "Mbona Ruthu alienda usiku?" Ukienda, basi pata mtu kama Boazi na wazee kumi asubuhi yake! Mara nyingi asubuhi inaleta mimba, na kijana amepanda gari.

Sheria ya nchi yetu nayo inakubaliana na jambo hili. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inadai kwamba kila mmoja wa wachumba akubali ndoa yeye mwenyewe, na inakataza ndoa ya mtu aliye chini ya miaka 18, mvulana au msichana. Baba hawezi kukubali badala yako. Shangazi hawezi. Mahari haiwezi. Wala rafiki hawezi kukukatalia. Kinywa kinachotakiwa ni chako.

Na mkioana, msiyeyuke. Mnamkumbuka Mama Marie Mwilu, mke wa Simon Kimbangu. Mume wake alikamatwa mwaka 1921, akafungwa miaka 30, akafia gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Mama Mwilu alibaki Nkamba na watoto watatu, serikali ya wakoloni ikimtazama, naye akalishika kundi la waamini kwa siri mpaka alipolala mwaka 1959. Kama angekuwa kivuli cha mume wake tu, siku mume alipochukuliwa kivuli nacho kingeondoka. Alimpenda mume wake kwa moyo wote, na bado alikuwa Marie, mwenye imani yake na miguu yake.

6. NENO KWA RAFIKI ANAYEBAKI

Mara nyingi tunamhubiria bibi arusi na kumsahau yule aliyeshika mkoba wake. Siku ya arusi yeye ndiye aliyeimba kwa sauti kubwa kuliko wote. Usiku akarudi katika chumba ambamo kitanda kimoja ni kitupu.

Dada yangu, ndugu yangu, tazama mfano wa Yonathani. Roho yake iliambatana na roho ya Daudi, akampenda kama nafsi yake, akampa vazi lake, upanga wake, upinde wake na mshipi wake. Mara ya mwisho walipoonana, Daudi alikuwa anajificha porini. Yonathani akamwendea, akamtia nguvu katika Mungu, wakafanya agano mbele za Bwana. Kisha Biblia inaandika jambo dogo ambalo wengi wanalipita: Daudi alikaa mwituni, na Yonathani akaenda nyumbani kwake.

Nyumbani kwake! Yonathani alikuwa na nyumba. Alikuwa na mtoto, Mefiboshethi, aliyekuwa na miaka mitano siku habari za kifo cha baba yake zilipofika (2 Samweli 4:4). Katika miaka ile yote ya kumpenda Daudi, alikuwa pia baba wa mtu. Na baada ya kifo chake, ni Daudi aliyemtafuta mtoto yule na kumketisha mezani pake siku zote (2 Samweli 9). Agano halikufa kwa kuwa kila mmoja alikuwa na nyumba yake. Kwa sababu ya nyumba hiyo, agano lilipata mtu wa kumfikia.

Kwa hiyo usiseme, "Amenitupa." Ngoja. Ndoa changa ina kazi nyingi. Lia mbele ya Mungu, usilie mbele ya mume wake. Kisha jiulize swali lile lile: mimi ni nani? Napenda kazi gani? Shamba langu liko wapi? Kanisa nalo lisikuache: kina mama wakuite, kwaya ikupe kazi, jirani akualike chakula siku ya Bwana. Na wewe uliyeolewa, usinunue unga siku zote kwa njia isiyopita mlangoni pake.

Mwisho wa kitabu cha Ruthu ni huu: mtoto anazaliwa, anaitwa Obedi, na anayempakata kifuani ni Naomi. Wanawake wale wale ambao hapo mwanzo hawakumwona Ruthu, sasa wanamwambia Naomi kwamba mkwewe anayempenda ni bora kwake kuliko watoto saba wa kiume. Naomi hakupoteza kitu. Alipompeleka Ruthu kwa Boazi alikuwa kama mtu anayetoa chakula chake cha mwisho, naye akarudishiwa kibaba kilichojaa.

7. MAMBO YA KUFANYA JUMA HILI

Wewe mwenye rafiki wa karibu: fanya jambo moja jema ambalo hukumwuliza kwanza. Chagua wimbo. Panda mbegu unayoitaka. Tembelea mgonjwa peke yako. Kisha umweleze, bila kuogopa.

Wewe mwenye mchumba: kaa saa moja mbele za Mungu bila mchumba na bila rafiki, ukajibu, kwa jina lako, unataka nini katika nyumba hiyo. Ukishindwa kujibu, usitangaze ndoa bado. Kungoja si dhambi.

Wewe rafiki: mwulize mwenzako, "Wewe unataka nini?" Halafu unyamaze mpaka amalize kusema.

Ninyi wazazi: msimwulize binti yenu mbele ya watu kumi kama anakubali. Mama au shangazi amwulize faraghani kwanza, akiwa tayari kusikia hapana.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini msimamizi wa shamba hakulitaja jina la Ruthu? Je, wako watu katika kanisa letu tunaowajua kwa jina la wenzao tu?

2. Naomi alisema amerudi mtupu, na Ruthu yuko kando yake. Ungekuwa Ruthu ungefanya nini?

3. Tutapimaje ndoto inayohusu uchumba wa mtu bila kuzima unabii?

4. Mchumba anayekutenga na watu wako anakupenda, au anakuogopea? Jadilini.

5. Wavulana wajibu: katika urafiki wenu, nani ameshika usukani wa chukudu?

MWISHO

Mathayo alipoandika kizazi cha Bwana wetu Yesu Kristo aliwataja wanawake wachache sana. Mmoja wao ni Ruthu (Mathayo 1:5). Hakuandika yule Mmoabi aliyerudi na Naomi. Aliandika jina lake.

Siku ya mwisho vitabu vitafunguliwa, na kila mtu ataitwa peke yake. Rafiki hataitika kwa ajili yako, wala mume, wala mke. Basi tuanze kuitika leo, katika mambo madogo ya nyumba na shamba, ili siku ile tusigeuze macho kumtafuta mwenzetu.

Neema ya Bwana iwe pamoja nanyi. Amina.